Kwa mliochapa maneno ya alto kwenye Word: karatasi zangu 114 sasa zinafungia karanga

Wakuu, heshima zenu. Uzi huu una povu, anayetaka lugha laini apite kimyakimya.

Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Mtwara mjini. Kwaya ina watu 38 wakija wote, na hawajawahi kuja wote. Nota zangu naandika kwa LilyPond. Kwa msioijua, ni programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 1996 na Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, na humo huburuti nota kwa mausi. Unaandika herufi kama unavyoandika meseji, c4 d e f, ukimaliza unaiamuru, inakutolea PDF yenye mistari, funguo na mikia ya nota iliyopangwa kuliko vitabu vingi mlivyofungia kwenye kabati la kwaya. Faili la wimbo mzima wa sauti nne ni jepesi kuliko picha moja ya simu, na bando mnalijua bei yake.

Najua kuna watu vidole vinawawasha kuandika "hamia MuseScore", ile programu nyingine ya kuburuta nota. Sihamii. Nina nyimbo za miaka kumi humu. Endeleeni kusoma.

Nilitunga wimbo wa Jumapili ya mavuno, "Mkorosho Umechanua". Soprano, tenori na besi wanaimba maneno yale yale, ila kuanzia ubeti wa pili alto wana maneno yao, wanajibizana na wenzao. Maneno ya sauti tatu nilishayachapa. Ya alto sikumaliza, nikaitwa Nanyamba kwenye mambo ya shamba. Katibu wa kwaya akasema, Mwalimu usihangaike, nitachapa mimi ofisini, nikutumie WhatsApp. Nikamshukuru mpaka nikamwombea.

Nikampa maelekezo kwa simu, tena mara mbili: Katibu, chapa kwenye Notepad. Tenganisha silabi kwa vistari viwili, acha nafasi kabla na baada. M, nafasi, vistari viwili, nafasi, ko. Akajibu "sawa Mwalimu, sawa Mwalimu". La vistari alilitii kabisa, siwezi kumsingizia. La Notepad akalipuuza. Akafungua Word, "kwa sababu inasahihisha spelingi".

Inasahihisha spelingi ya nani? Ya Kimwera?

Nikarudi mjini jioni, umeme hakuna. Umerudi saa mbili usiku, nikanakili maneno kutoka WhatsApp, nikabandika mahali pake, nikaiamuru programu. Ikamaliza bila kosa hata moja. Nikaangalia ukurasa wa kwanza, soprano wamekaa vizuri kama wako kwenye benchi, nikakimbilia stesheneri kabla hawajafunga. Kurasa tatu mara watu 38, karatasi 114, shilingi mia kila moja. Pigeni hesabu wenyewe, mimi nikiipiga naumwa.

Kesho yake mazoezi. Ubeti wa kwanza safi. Ubeti wa pili alto wakaingia na "M", wakanyamaza pigo moja, "ko", wakanyamaza, "ro". Sauti nyingine zimeshafika kwenye tunda, alto bado wanahangaika na mti. Nikasema rudieni. Wakarudia, wakanyamaza pale pale. Yupo mama mmoja wa alto, ameimba kwaya tangu mimi sijazaliwa, akafunika karatasi akaiweka mapajani. "Mwanangu, daftari letu la solfa halijawahi kututenda hivi." Kaunta buku lake la d r m f analo mpaka leo, mistari imepigwa kwa rula. Sikuwa na jibu.

Na hapa ndipo hasira yangu ya kwanza inapoanza, na ni kwa programu yenyewe. Ukikosea nota, LilyPond inapiga kelele. Umeweka robo mahali pa nusu, na mwisho wa kila kipimo umeweka alama ya |, inakwambia kipimo hakikutimia, mstari wa 47. Umesahau kufunga mabano, inapayuka Kiingereza kirefu huku ikinyooshea kidole mahali pasipohusika, mistari thelathini chini ya kosa, lakini angalau inapayuka. Kwenye maneno ya wimbo? Kimya. Iko radhi ikuwekee kitu chochote chini ya nota. Ukiandika "sukari" itaweka sukari.

Kwa hiyo nikajua kosa ni langu, liko kwenye nota. Nikaanza na mapinde. Kwenye LilyPond, ukiunganisha nota mbili kwa upinde, silabi moja inachukua zote mbili, ya pili haipewi neno. Nikasema bila shaka alto nimewawekea mapinde mengi. Nikayatoa. Maneno yakasogea, hayakukaa. Nikayarudisha, nikatoa mengine. Usiku wa kwanza ukaisha hivyo. Usiku wa pili, kama saa saba, nikafuta koma moja kwenye besi kwa bahati mbaya, ile inayoshusha nota oktava moja. Wanaotumia ile amri ya kupima kila nota kwa iliyoitangulia mnajua kinachofuata: besi wote, kuanzia kipimo cha 19 mpaka amina, wakapanda oktava nzima. Nikawatazama pale kwenye skrini wameketi juu ya tenori kama kuku kwenye paa. Nikazima kompyuta nikalala na nguo.

Aliyegundua ni dogo mmoja wa besi, anaendesha bajaji, alipita asubuhi kunidai karatasi yake. Nikamwonyesha skrini nikitafuta wa kulia naye tu. Akainama, akauliza, "Mwalimu, mbona vistari vya soprano ni viwili viwili, vya alto ni kimoja kirefu?"

Nikaangalia.

Soprano, nilioandika mimi:
M -- ko -- ro -- sho u -- me -- cha -- nu -- a

Alto, waliopitia Word:
M – ko – ro – sho u – me – cha – nu – a

Mmeona? Mtu akigonga vistari viwili kwenye Word akaendelea na neno linalofuata, Word inaviunganisha kuwa kistari kimoja kirefu, inadhani inakupambia barua. Kwa LilyPond vistari viwili vyenye nafasi pande zote ni alama: silabi hizi ni za neno moja, chora kistari katikati. Kile kimoja kirefu si alama ya chochote. Ni neno. Na kila neno lazima lipate nota yake. Kwa hiyo "mkorosho", neno la silabi nne, limekula nota saba. Kila kistari kimepewa kiti chake kama mwimbaji aliyelipia sare. Nota zilipoisha, maneno yaliyobaki hayakuchapwa kabisa, ndiyo maana alto hawakuwahi kufika kwenye "shambani mwetu".

Ubaya wake, ukichapa unaona kistari kidogo kimekaa chini ya nota, sawasawa na vile vinavyotenganisha silabi siku zote. Karatasi inaonekana ya kawaida. Mwimbaji anaona kistari chini ya nota, ananyamaza. Alto hawakukosea, waliimba nilichowapa, na mama yule nimeshamwendea kwake kumwomba radhi.

Na haikuishia kwenye vistari. Kuna mahali pameandikwa "limeiva", li, me, i, va. Word ikiwa imewekwa lugha ya Kiingereza, ikiona i imesimama peke yake inadhani Mwingereza anajitaja, inaifanya herufi kubwa. Karatasi ikatoka na li-me-I-va. Niliiona kabla ya mazoezi, nikamlaumu katibu kimoyomoyo kwamba hajui Kiswahili. Hapo nilimwonea. Lakini hapa nitamlaumu bila kuonea: "mbingu" amelikata m, bi, ngu. Ndugu yangu, hiyo m imeshikamana na b, ni mbi-ngu, nota mbili. M ya mkorosho ndiyo inayosimama peke yake, kwa sababu unaisikia ikipigwa pigo lake. Imba kwanza, ndipo ukate.

Kurekebisha kumechukua dakika mbili. Tafuta kistari kirefu, badilisha kwa vistari viwili. Nafasi 61. Usiku mbili, mapinde yote kuharibiwa, besi kupelekwa paani, karatasi 114, kwa dakika mbili.

Kwa hiyo makatibu, wanakamati, wapwa wenye ofisi na wote mnaosaidia walimu wa kwaya: msichape maneno ya nota kwenye Word. Kama kompyuta ya ofisini haina kingine, ingieni kwenye mipangilio ya AutoCorrect, yaani ile ya Word kujisahihishia yenyewe, mzime kubadilisha vistari na herufi kubwa. Wenye iPhone nanyi msicheke, kibodi yenu ina tabia hiyo hiyo ya kugeuza vistari viwili kuwa kimoja. Nanyi walimu, kabla ya kuchapa kopi tazameni sauti zote nne mpaka kipimo cha mwisho. Hilo la mwisho najisema mimi.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Kuna mkuu kaniuliza kwa nini wimbo mfupi hivi una kurasa tatu. Kwa sababu ukurasa wa tatu una vipimo viwili tu, wamekaa pale juu kama abiria walioachwa na basi Mnazi Mmoja. Nilikuwa na hasira ya vistari, hilo sikulitaja. Nimepunguza ukubwa wa mistari ya nota kutoka 20, ambao ndio wa kawaida wa programu, mpaka 18, nikaongeza page-count = 2, yaani kurasa ziwe mbili, kwenye sehemu ya faili inayopanga karatasi. Zimeingia mbili. Nilijaribu 16 kwanza, zikaingia kwa raha, ila wazee wangu wa tenori wangehitaji darubini.

NYONGEZA nyingine: Nimechapa upya. Karatasi 76. Kijana wa stesheneri mashine yake ameiacha kwenye Letter, saizi ya karatasi ya Kimarekani, karatasi aliyoweka ni A4, nota zikatoka zimesinyaa na ukingo mweupe kama sahani. Nimemwambia aweke A4 na asiruhusu mashine ipunguze. Akaniambia "kwani mzee si zinasomeka?" Nilihesabu moja mpaka kumi, akarudia zote bila kunidai. Sina ugomvi naye.

NYONGEZA ya mwisho leo: Katibu kausoma uzi huu. Hajanuna, kaandika "pole sana Mwalimu, nimekuelewa kabisa". Kisha kwa kutaka kunifurahisha amenichapia maneno ya tenori ya wimbo wa Noeli, kabla sijamwomba, na kunitumia muda huu. Nimefungua. Ni faili la Word, na maneno yote ameyaweka katikati ya ukurasa, rangi ya bluu.