Mzee anastaafu, hataki kwingine ila kwa Wachina

Nyar Kisumu: Jamani, nishaurini. Baba anastaafu mwezi ujao, na sisi watoto tumechanga tumpeleke hoteli ya maana kule ufuoni. Amekataa katakata! Anataka kile kihoteli cha Wachina cha mtaani, chenye viti vya plastiki na feni inayopiga kelele. Tumekula pale tangu tuko msingi. Mama wa pale akimwona mzee haulizi kitu, anatoa ngege mzima wa mvuke, tangawizi na majani ya kitunguu juu, kisha anammwagia huyo samaki mafuta moto palepale mezani, shwaa! Shida ni wakwe wanakuja kutoka Kakamega. Watatuonaje?

Jaduong: Kwani anayestaafu ni nani, binti yangu? Mpelekeni anakotaka. Ila Waluhya bila ugali, hapo mtajijua.

Mpishi Kondele: Nimefanya kazi jikoni kwa Wachina. Samaki wa mvuke hafichi kitu, akiwa amelala unamjua mara moja. Wa kukaanga ndiye hudanganya watu. Wali wa kukaanga ni kinyume, ule uliolala kwenye friji ndio mzuri, umekauka, haushikani kwenye karai. Watu wakiwa wengi agizeni samaki mapema.

Nyar Kisumu: Asante, Jaduong. Nimepita pale jioni. Mama amesema unga wa ugali tulete wenyewe, kusonga atasonga. Hilo nitaliona kwanza ndipo niamini.