Riwaya uliyoipenda ikishatolewa muvi, unaiangalia au unaiacha?

BintiNgamiani:
Habari zenu wapenzi wa vitabu. Mie niko Tanga, Ngamiani, na nna jambo linanisumbua wiki nzima sasa. Nilisoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi nikiwa kidato cha tano, ilikua ya mtihani lakini mie niliisoma kama barua nimeandikiwa mwenyewe, kurasa za mwisho nilizimaliza usiku kwa tochi ya simu umeme umekatika na asubuhi nikaanza tena ukurasa wa kwanza. Kitabu ninacho mpaka leo, gamba limechanika nimelibandika selotepu, nimewaazima watu wawili tu na wote niliwafata mpaka kwao kukidai.

Sasa shoga yangu wa Chumbageni kaipata ile muvi yake aliyoongoza Amil Shivji, ya 2021, anasema Jumamosi baada ya isha tukusanyike kwake tuangalie, mihogo na pweza vipo. Na mie naogopa kweli. Yasmin wangu, yule binti wa kwenye kitabu, namjua. Namjua anavyojitanda mtandio, namjua alivyokua anakaa ndani kwa yule mume mzee Raza roho imemkaa kooni, namjua mpaka anavyocheka, na hakuna aliyenionesha, nimemuumba mwenyewe kutokana na binti mmoja wa Kihindi aliyekua dukani kwa baba yake nilipokua mdogo, natumwa uzi narudi nimesahau rangi kwa kumtazama. Nikishaangalia si ntamkuta mtu mwingine kichwani? Nyie mliopitia hili mlifanyaje?

MamaTwaha:
Usiangalie mdogo wangu. Nasema hivyo kwa uchungu. Mie kitabu changu ni Half of a Yellow Sun cha Chimamanda Ngozi Adichie, kilitoka 2006, vita vya Biafra vile vya Nigeria, nilikisoma nikiwa na mimba ya huyu Twaha. Muvi ikatoka 2013 nikaiangalia kwa hamu zote. Sasa kwenye kitabu unaingia mle nyumbani na Ugwu, kijana wa kazi ametoka kijijini, mengi unayaona kwa macho yake, bomba linalotoa maji, friji, vitabu vya bwana mkubwa, hata mapenzi ya wakubwa unayajua kwa kuwa yeye anayachungulia. Kwenye muvi wamemuweka pembeni! Yupo, anapita, anabeba sahani. Nililia si kwa sababu ya vita, nililia kwa ajili ya Ugwu. Na mpaka leo nikifungua kile kitabu Olanna, mpenzi wa yule bwana mkubwa, anakuja na sura ya Thandiwe Newton aliyemcheza, nimejaribu kumfukuza hafukuziki.

Kaole_kwetu:
Mama Twaha pole, lakini kwa hili tutabishana. Mie nipo Bagamoyo, nimesomea sanaa hapa hapa, na kazi ya kugeuza hadithi iwe mchezo nimeifanya kwa mikono yangu kwaiyo nisikilizeni kidogo. Skripti ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya muvi. Muvi ya saa moja na nusu ni kurasa tisini, na hizo si kurasa zilizojaa kama za riwaya, ni maneno machache na nafasi kubwa katikati. Riwaya nene utaiingizaje humo bila kukata? Hapo lazima mtu achinjwe.

Kingine ni mawazo. Mwandishi anaandika nusu mstari tu kwamba moyo ulimwenda mbio, basi, umeelewa. Kamera haina hiyo nusu mstari. Itabidi itafute mkono unaoshika pazia, au mtu anyamaze pale alipotakiwa kujibu, na hicho kimya kwenye seti tunakirudia mara ishirini mpaka kikae.

Na kukata si lazima iwe kuua. Mario Puzo aliandika The Godfather mwaka 1969, muvi ikatoka 1972 na skripti kaandika yeye mwenyewe pamoja na dairekta Francis Ford Coppola, wakapata tuzo ya Oscar kwa hiyo skripti. Mwenye kitabu chake! Na bado ujana wa yule mzee Vito, bosi wa mafia, alivyotoka kwao Sicily na alivyoanza, waliuacha nje, ukaja kutumika kwenye muvi ya pili ya 1974. Angekua ni mtu baki kaukata tungesema hajui kusoma. Dada nenda Jumamosi.

MamaTwaha:
Kaole nimekuelewa kuhusu kukata, nakubali. Ila mie silalamikii sehemu iliyokatwa, nalalamikia jicho. Ukiniondolea jicho la Ugwu hiyo ni hadithi nyingine, hata kama matukio yote umeyaweka.

Mzee_Mikanjuni:
Wanangu, mmenigusa. Mie nimekulia hapa Tanga wakati watu wanavaa vizuri kwenda sinema, tunatoka tunaimba nyimbo za Kihindi mpaka nyumbani na Kihindi chenyewe hatukijui. Ndo maana nataka kusema jambo ambalo naona hamjalisema, nalo ni sauti.

Vuta N'kuvute nimeisoma. Mle ndani kuna taarabu, kuna Mwajuma, rafiki aliyempokea Yasmin alipomkimbia mumewe kule Mombasa akarudi Unguja na hana pa kwenda. Sie tuliokulia na Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya hapa Tanga, tuliomsikia mwimbaji Shakila angali kijana, ukituandikia neno taarabu tunasikia muziki wenyewe papo hapo. Kijana wa leo anasoma neno taarabu anasikia nini? Kinanda na spika za harusini. Unguja ya miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo na vijana wapigania uhuru kina Denge wanasambaza karatasi kwa siri, haikua na sauti hiyo.

Kwenye muvi huyo Mwajuma kachezwa na Siti Amina, mwimbaji hasa wa Zanzibar. Nilipomsikia nilisimama. Mke wangu akaniuliza una nini nikashindwa kumjibu. Bwana Shafi aliandika vizuri sana, Mungu amlipe, ila karatasi haiwezi kuimba. Sura ya Yasmin baki nayo mwanangu, ni yako. Lakini masikio nenda nayo.

Dogo_Makorora:
Shikamoo mzee. Mie niliangalia kwanza, kitabu sijasoma kabisa, nilivutiwa tu niliposikia ilionyeshwa tamasha la filamu la Toronto na 2022 ndo Tanzania ikaipeleka kwenye Oscar. Toka hapo natafuta kitabu sijakipata, kila duka naambiwa kimeisha. Dada BintiNgamiani, najua umesema hauazimi, ila mie nakaa karibu, naweza hata kuja kukisomea hapo hapo barazani kwenu.

BintiNgamiani:
Nimerudi. Nilienda. Mzee Mikanjuni maneno yako yamenisindikiza mpaka Chumbageni maana nilikua nishageuza baiskeli mara moja.

Yasmin alipotokea mara ya kwanza moyo ulishuka, si yeye, nikataka kutoka nje, shoga yangu akanishika mkono. Yule dada Ikhlas Gafur Vora anacheza kwa kunyamaza, Kaole ulichosema kuhusu kimya nilikiona, anaangalia tu na unajua anataka kukimbia. Lakini bado niliendelea kumuona kama binti mwingine, jirani yake labda, aliyepatwa na mambo yale yale. Ila alipoanza kuimba Mwajuma, hapo ndo sikujiweza, mihogo ilipoa mbele yangu.

Nilipofika nyumbani nikafungua kitabu saa hiyo hiyo kabla sijavua viatu. Yasmin yupo, wangu, na mtandio wake, hajaguswa. Mwajuma ndo kabadilika. Anaongea kwa sauti ya jana na sitaki anirudie wa zamani. Mama Twaha, nimekufikiria sana usiku, na naona Ugwu wako una haki kumlilia.

Dogo, Jumatano alasiri nipo nyumbani. Hautokisomea barazani, utaondoka nacho. Selotepu ya mgongoni ndo uwe nayo makini.