Ndama wa kifaru aliyezaliwa Ulaya: aletwe Mkomazi au abaki huko?

Mtoa hoja, Tanga mjini
Kila bustani ya wanyama ya Ulaya ikitangaza ndama wa kifaru mweusi, watu husema "wetu huyo, arudi". Hifadhi ya Mkomazi hapa Tanzania imeshapokea watatu kutoka bustani ya Dvůr Králové, Ucheki, mwaka 2009 na watatu kutoka Port Lympne, Uingereza, mwaka 2012. Waletwe wengine, au fedha iwalinde waliopo?

Mimi nasema waletwe. Jike hubeba mimba miezi 15 hadi 16, huzaa mmoja, na hupita miaka miwili na nusu hadi minne kabla hajazaa tena. Kundi dogo ndani ya uzio likikosa damu mpya, dume litapanda binti zake.

Daktari wa mifugo, Muheza
Damu mpya sawa, ila mwasahau mbung'o. Kifaru wa Ulaya hajawahi kuumwa naye, mwili wake hauijui nagana, ugonjwa anaoueneza mbung'o. Aanzie zizini, pembeni pawekwe mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi vyenye dawa, aumwe kidogo kidogo huku damu yake ikiangaliwa kwa hadubini mara kwa mara.

Chakula nacho kibadilishwe taratibu. Majani makavu aliyoyazoea yapunguzwe wiki hadi wiki, matawi ya migunga yaongezwe. Ukiharakisha, tumbo linakataa, anahara na kukonda. Na ndama anayenyonya haguswi kabisa; husafiri aliyekwisha kuachishwa.

Mchangiaji, Korogwe
Na sanduku la kumsafirishia je? Kifaru hufundishwa kwa wiki kadhaa kula chakula chake humo, mlango ukifungwa na kufunguliwa, ili siku ya safari aingie mwenyewe na dawa ya kutuliza iwe kidogo. Akipewa nyingi akalala muda mrefu, uzito wake unabana damu isifike miguuni, misuli inaharibika, hasimami tena.

Mchangiaji, Pangani
Mimi nauliza maji. Mwaka 2018 Kenya ilihamishia vifaru 11 Tsavo Mashariki, wakafa wote. Hawakutoka Ulaya, walitoka Nairobi na Nakuru! Maji ya kule yalikuwa na chumvi kuliko waliyozoea: wakanywa, kiu ikazidi, wakanywa tena. Mwaka huohuo Chad ilipokea sita kutoka Afrika Kusini, wanne wakafa wakiwa wameishiwa mafuta mwilini. Kama wa Afrika wanakufa hivyo, wa bustanini tunamleta kwa ujasiri gani?

Mtoa hoja
Mifano yako yanitetea mimi. Kilichoua wengi wao ni maji na lishe, si mahali pa kuzaliwa. Maji yapimwe chumvi kabla ndege haijakodiwa, na abaki zizini mpaka anenepe. Rwanda ilichukua watano wa bustani za Ulaya mwaka 2019, wakaanzia zizini vilevile.

Mfugaji, Mkinga
Wafugaji walitolewa Mkomazi 1988, na hilo bado lauma. Kifaru akija anakuja na daktari wake na mlinzi wake. Basi kwa kila kifaru, josho moja la kuogeshea ng'ombe wetu dawa, nje ya uzio. Mbung'o hajui mpaka.

Daktari wa mifugo, Muheza
Hilo la josho naliunga mkono, tena lamsaidia kifaru. Ng'ombe aliyepakwa dawa ni mtego unaotembea: mbung'o akitua anakufa. Wala si lazima kumwogesha mzima. Mbung'o hupenda kutua miguuni na tumboni. Paka hapo tu, dawa inatosha ng'ombe wengi zaidi.