Namuuguza mama anayesahau, usiku natunga mashairi juu yake. Je, namvunjia heshima?

BintiPangani

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mnivumilie manake itakuwa ndefu. Mama'angu ana miaka 78, tupo hapa Pangani, huu mwaka wa tatu anaumwa ugonjwa wa kusahau. Mwanzo alikuwa anatia chumvi mara mbili, anaficha funguo kwenye pipa la mchele, tukawa tunacheka nae. Zahanati tulikokwenda kwanza tukaambiwa uzee tu huo, mrudisheni nyumbani, hospitali ya pili ndo daktari akatukalisha akatuambia ni demensia na haiponi. Majirani wao wana lao, eti kachezewa, na mnajua bibi kizee akianza kuongea peke yake maneno ya watu yanaelekea wapi.

Mchana tunakwenda vizuri. Kazi inaanza magharibi. Anafungasha nguo zake kwenye kanga, anajitanda mtandio, anasimama mlangoni anataka kwenda kwao watu wasije wakamtafuta, na nyumba hii hii ndo kaingia akiwa bi harusi na watoto sita kawazalia humu. Namzungusha uani mara tatu nne mpaka achoke. Akishalala mimi usingizi sina, nachukua daftari. Sikusomea ushairi ila marehemu baba alikuwa akipeleka mashairi gazetini na mimi ndo nilikuwa namhesabia mizani, yaani silabi za kila mstari, kwa vidole. Nikiandika kifua kinatulia. Huu hapa mmoja:

*Mama ameniuliza, mwanangu umemuona?*
*Na mimi namliwaza, yuaja, si mbali sana,*
*Machozi nayameza, mkono tumeshikana,*
*Mama, mwana ndiye mimi, mbele yako nimekaa.*

Siku hiyo aliniuliza kweli, na akalitaja jina langu.

Sasa dada yangu mkubwa kaliona daftari, kakasirika vibaya. Anasema namuanika mama, mama hajafa mimi nshaanza kumlilia, na mama mwenyewe alikuwa mtu wa sitara, hata akiumwa hakutaka wageni wajue. Nimeacha kuandika wiki ya pili hii na sipo sawa, juzi nimemgombeza mama kisa kamwaga uji, halafu nikajifungia chooni nikalia. Niache kabisa au nifanyeje?

Mzee wa Mizani

Marahaba binti yangu, pole sana, Mwenyezi Mungu akupe subira. Nianze na dogo: mshororo wa tatu, kipande cha kwanza umepata mizani 7, sema "Machozi nikiyameza" zitimie 8. Nakusahihisha kwa kuwa ubeti ni mzuri na baba'ko angekusahihisha hivyo hivyo.

Kubwa ni hili la sitara. Dada yako ana haki ya kuogopa lakini dawa yake sio kuacha, dawa yake ni fumbo. Watunzi wa pwani tangu zamani wakiwa na la moyoni lisilosemeka wanalivika nguo, anayejua anajua, asiyejua anasikia habari za ua au za bahari basi. Mimi nimemuuguza mke wangu miaka minne kwa maradhi hayo hayo, jina lake sikuliandika hata mara moja, wala ugonjwa sikuutaja. Niliandika utenzi wa jahazi, unaanza hivi:

*Jahazi limezeeka,*
*na tanga limechanika,*
*bandari halijafika,*
*nami napiga kasia.*

Watu niliowasomea kibarazani walidhani nasema mambo ya siasa. Nikawaacha.

Na tena usione ajabu mashairi kukaa na ugonjwa nyumba moja. Mwana Kupona, yule mama mtunzi wa zamani wa pwani, alitunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimtungia binti yake Mwana Hashima, na baada ya kama miaka miwili akafariki. Pale mama mgonjwa alimtungia binti, wewe binti unamtungia mama mgonjwa, sioni mlango wa aibu unaingilia wapi. Mwite dada yako mkae wawili, msomee kwa sauti. Daftari alilisoma kwa macho na hasira, hajalisikia bado.

nesi_kilifi

Pole sana dadangu. Mimi ni muuguzi huku Kilifi, na hilo la majirani usilichukulie rahisi, huku kwetu wazee wameuawa wakiitwa wachawi. Waambie watu wazi kwamba mama ana ugonjwa wa ubongo, una jina, na Shirika la Afya Duniani linasema wanaougua demensia duniani ni zaidi ya milioni 55, wengi wao wako kwenye nchi kama zetu sio Ulaya. Hapo naona msiweke fumbo lolote.

Hiyo ya jioni kutaka kwenda kwao tunaiona sana, jua likizama wengi wanachanganyikiwa zaidi. Usimbishie kwamba hapa ndo kwenu, washa taa mapema, muulize kwao kulikuwaje. Ila akibadilika ghafla, yaani leo mzima kesho haeleweki kabisa, usiseme ni ugonjwa ule ule, mpeleke apimwe mkojo na maji mwilini, maambukizi ya mkojo tu yanaweza kumvuruga mzee hivyo na yanatibika.

Kuhusu mashairi, kinachoondoka mwanzo huwa ni mambo ya juzi na jana, yale ya utotoni hasa yenye mdundo yanaweza kukaa muda mrefu sana. Niko na mgonjwa hajui wanawe ni wangapi, lakini ukisema haba na haba anamalizia hujaza kibaba na anakutazama kama umemuona mjinga kwa kuuliza. Jaribu na mama. Methali, vitendawili, chochote alichokishika udogoni. Na usijichukie kwa huo uji, umechoka. Huyo dada mkubwa aje akae japo Ijumaa na Jumamosi ulale.

Mtoto wa Moshi

Mimi nipo Minnesota nafanya kazi nyumba ya wazee, nawaogesha mama za watu na mama yangu yuko Moshi na ugonjwa huo huo, namuona kwenye simu tu. Da' Binti nakuomba kitu kimoja, mrekodi sauti. Mimi nilichelewa, siku hizi mama haongei. Nina voisi moja ya sekunde 40 anamwita kuku, ndo nasikiliza kwenye basi nikienda shifti ya usiku.

BintiPangani

Asanteni nyote, nimesoma kila neno. Mzee shikamoo, mizani nimerekebisha. Dada nimemsomea jana, hakusema kitu, ila kalala hapa na leo kamuogesha mama yeye.

Jioni mama alipoanza kufungasha kanga yake nikakaa nae mkekani nikasema kitendawili! Akajibu TEGA, kwa sauti ile ya zamani, hata mimi nimeshtuka. Nyumba yangu haina mlango. Yai, akasema, tega kigumu. Tukaenda mpaka adhana ya isha na kanga ikabaki pale haijafungwa.

Halafu nikamsomea ubeti. Mara ya kwanza alitulia tu ananitazama mdomo. Niliporudia, kwenye "mbele yako" akamalizia mwenyewe "nimekaa". Akaniuliza nani katunga haya, nikamwambia mimi. Akauliza, mama'ko anajua kama unatunga?

Nikamwambia anajua. Akasema basi vizuri, akanishika mkono.

Nimeshaweka simu irekodi kesho. Mtoto wa Moshi, nitaomba ruhusa ya dada kwanza, akikubali nakutumia ile ya vitendawili usikilize kwenye basi.