Ulinganisho: programu gani ya simu itamtoa mzee mwenye Parkinson kwenye kochi?

Binti wa Tabata
Wakuu, habari za jioni. Baba yangu, mwalimu mstaafu, ana Parkinson (ule ugonjwa wa kutetemeka na mwili kukakamaa) huu mwaka wa nne. Dawa anameza vizuri, ila kutoka nje ni vita. Daktari anasisitiza mazoezi. Nafikiria njia tatu za simu: kihesabu hatua (ana Samsung, kimo tayari), video za mazoezi za YouTube, au programu ya kupiga mdundo wa kutembelea. Ipi imewasaidia wagonjwa wenu? Bando nanunua mimi.

Fizio_Ilala
Dada, pole na kuuguza. Mimi ningeanza na kihesabu hatua, lakini lengo libadilishe. Zile hatua elfu kumi zinazosemwa kila mahali zilivuma kutokana na kifaa kilichouzwa Japani mwaka 1965, wala hazikupangwa kwa ajili ya mgonjwa. Mwache wiki nzima atembee kama kawaida yake, uone anafikisha ngapi, halafu ongeza kidogo kidogo. Simu ikae kwenye kibegi cha kiunoni, isiwe kwenye mkono unaotetemeka. Anayeburuza miguu huhesabiwa pungufu, kwa hiyo mlinganishe na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita, usimlinganishe na jirani.

Kuna utafiti wa Uholanzi uliotolewa 2019, wagonjwa 130. Kundi moja liliendesha baiskeli ya mazoezi nyumbani dakika 30 hadi 45, mara tatu kwa wiki kwa miezi sita, jingine likawa linanyoosha viungo tu. Makundi yote yalikuwa na programu ya kuwahamasisha. Baada ya miezi hiyo, dalili za mwili za wale wa baiskeli hazikuwa zimeongezeka sana kama za wenzao. Lakini nyuma ya programu walikuwepo wakufunzi wanaowafuatilia kwa mbali. Hapo ndipo familia nyingi zinapokwama: wanapakua, wanamkabidhi mzee simu, basi.

Mama Sinza
Video kwa mume wangu zilishindikana. Zinakula bando, na akikodolea kioo huku anainua mguu anayumba. Mdundo ndio uliomfaa. Miguu yake huganda kwenye mlango wa jikoni kama imegundishwa sakafuni; nikiwasha ule mlio, anasubiri pigo mbili tatu, anaanza. Ukishapakua hauhitaji intaneti.

Kaka wa Mbagala
Natofautiana kidogo na wote. Mama yangu hajali arifa za simu hata kidogo. Tulichofanya, hatua zake zinatumwa kila jioni kwenye grupu la WhatsApp la familia, na wajukuu wanatuma zao. Siku hizi anauliza mwenyewe, "Leo nimefika ngapi?" Programu haiwezi kumwita mtu Bibi.

Mzee wa Upanga
Wanangu, mimi ndiye mgonjwa. Mnabishania programu, saa ya dawa hamjaitaja. Kabla dawa haijashika, hata uniwekee nini sinyanyuki. Mwanangu ameniwekea kengele inayolia dawa ikiwa imeanza kufanya kazi, hapo ndipo navaa viatu. Asubuhi, jua halijakolea, naenda Daraja la Tanzanite. Njia ya waenda kwa miguu ni tambarare. Mchanga wa ufukwe wa Coco siukanyagi tena, unanishika miguu. Na jamani, vitufe vidogo vidole vyangu havivipati. Mwekee baba alama moja kubwa kwenye kioo, nyingine zote ziondolewe. Akiwa anatembea asiitazame simu kabisa, bodaboda hazina huruma.

Binti wa Tabata
Shikamoo Mzee, asante sana. Baba hunywa dawa saa moja, nami nilikuwa nikimsukuma atoke saa hiyo hiyo! Nitaanza na kihesabu pamoja na mdundo. Fizio, mdundo niuweke kasi gani?

Fizio_Ilala
Hesabu hatua zake za dakika moja akitembea kwa raha sebuleni, dawa ikiwa imeshika. Anzia namba hiyo hiyo. Ubongo wa mwenye Parkinson hushindwa kujipangia mapigo ya kutembea, sauti ya nje ndiyo inayomshikia. Ukiona hatua zinakuwa fupi na anakimbilia mbele, punguza mara moja, maana hapo ataanguka. Akiwa na kizunguzungu anaposimama, mpeleke kwanza apimwe presha akiwa amelala na akiwa amesimama. Siku za mwanzo mtu atembee pembeni yake, upande ule ulio dhaifu.