Kujaza uwazi ndani ya mfupa wa mtoto: mfupa wa nyonga au punje za kiwandani?

Mama Baraka:
Habari zenu. Mwanangu wa miaka 9 alivunjika mkono karibu na bega kwa kuanguka kidogo tu, na picha ya eksirei ikaonyesha ndani ya mfupa uwazi uliojaa majimaji, ambao daktari amesema ni uvimbe usio wa saratani. Amependekeza ukwanguliwe kisha ujazwe, ama kwa mfupa utakaochukuliwa nyongani mwa mtoto mwenyewe, ama kwa punje za madini zilizotengenezwa kiwandani. Kinachoninyima usingizi ni kumpasua mahali pawili. Je, punje hizo zinafaa kama mfupa wenyewe?

Daktari wa mifupa:
Pole kwa kuuguza, Mama Baraka. Mfupa wa mgonjwa mwenyewe huja na seli hai zinazojenga mfupa, jambo ambalo punje hazina. Hata hivyo, nyonga ya mtoto hutoa mfupa kidogo, na maumivu ya hapo wakati mwingine huzidi yale ya begani. Kati ya punje hizo, salfeti ya kalsiamu, yaani jasi iliyosafishwa, ambayo imetumika kujazia mifupa tangu 1892, huyeyuka ndani ya wiki kadhaa, na mara nyingine jeraha huvuja majimaji hata pasipo maambukizi. Haidroksiapataiti, yaani madini yanayofanana na yale ya mfupa wenyewe, kwa upande wake, huweza kuonekana kwenye picha miaka mingi baadaye. Zote mbili ni jukwaa tu, kwa kuwa mfupa mpya hutambaa juu yake ukitokea kwenye kuta za uwazi. Kwa hiyo mimi hutilia mkazo ukwanguaji kuliko kijazio: utando wa uvimbe ukibaki, uvimbe unaweza kurudi hata uwazi ukijazwa kwa kitu bora kabisa, hasa uvimbe ukiwa umegusana na sehemu ambapo mfupa hurefukia.

Baba Zuhura:
Mimi nilijaziwa gotini saruji ya mifupa, yaani aina ya plastiki inayoganda ikawa ngumu, kwa sababu uvimbe wangu ulikuwa wa seli kubwa, wenye tabia ya kurudi. Nilielezwa kwamba joto la saruji inapoganda husaidia kuua seli zilizobaki, na kwamba uvimbe ukirudi huonekana mapema pembezoni mwake. Ukisikia saruji ikitajwa, ndugu yangu, ujue ni tiba ya ugonjwa tofauti na wa mwanao.

Mama Baraka:
Nashukuru sana. Tukirudi kliniki nitauliza kwanza uvimbe uko umbali gani na hiyo sehemu ya kurefukia, ndipo tuzungumzie kijazio.