Naomba ushauri: nikope nimalizie vyumba vya kupangisha Ujiji?

Habari zenu ndugu zangu. Nina boma la vyumba vinne Ujiji, Kigoma, limefika kwenye lenta na akiba imekata. Mbao za kenchi nimezifunika turubai, zimeanza kupinda.

Benki wako tayari kunipa milioni 6 kwa miaka mitatu, rejesho 211,000 kwa mwezi, dhamana hati ya kiwanja. Vyumba vyote vikijaa, kwa 40,000 kila kimoja, napata 160,000. Pengo nitaliziba kwa biashara yangu ya dagaa, ambayo huyumba siku za mbalamwezi, dagaa wakiwa haba. Kupoteza kiwanja naogopa kweli.

Je, nipaue viwili kwanza, kodi yake imalizie vingine? Na niweke akiba ya miezi mingapi, chumba kikikosa mpangaji?